Maneno Uliyompa Gharika

Baba Mdogo, shikamoo.

Marahaba yako sitaisikia, nalijua hilo, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu ni wajibu wa anayeitoa, ijibiwe isijibiwe; nami sitaanza kuvunja adabu leo, siku niliyokuja kwako na mashitaka. Ninakushitaki na papo hapo ninakutetea. Ninasimama upande wa mlalamikaji, kisha ninavuka ukumbi na kuketi upande wako, na kila ninapovuka ninasahau nilichokuwa nikikisema nilikotoka. Tangu tulipokuzika Masanze, nikiwa kidato cha tano, sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo ninakuandikia mbele za watu kwa sababu ninalotaka kulieleza lilitendeka mbele za watu, na kwa sababu mimi, unanijua, sikujaliwa kufikiri kwa sauti ya chini.

Wanaotusoma hawakulijua banda lako la video, kwa hiyo niruhusu niwafungulie mlango. Lilikuwa la mabati na fito, madirisha yamezibwa kwa magunia ili jua la mchana lisiingie, benchi sita zilizokataa kulingana urefu, televisheni yenye kichogo, na nyuma ya ukuta jenereta lililokohoa kama mvuta tumbaku. Sinema ulizifuata Mikumi, kwa wauzaji wa kando ya barabara kuu, ukarudi umezifunga kifuani ndani ya shati zisipate vumbi. Zilizungumza Kiingereza, nasi tulikuwa watoto wa Kiswahili, na wengine wetu, kama Kabula, watoto wa Kisukuma waliokuwa bado wanakipapasa Kiswahili chetu. Basi ulifanya kama wafanyavyo wenye mabanda nchi nzima: ulizima sauti ya sinema, ukashika maiki, ukawa kila mtu. Ulikuwa mfalme, ulikuwa binti mfalme, ulikuwa farasi. Jemadari wa ng'ambo alipotoa amri, majeshi yake yaliambiwa yapitie Zombo, yavuke mto, wala yasithubutu kukanyaga mpunga wa watu.

Katika sinema zote hizo, moja ndiyo iliyotushika koo: ile katuni ya nchi ya milimani. Zimwi lilishuka kutoka kileleni, refu kuliko mnara wa simu, mwili wake udongo na mawe na mizizi, na mabegani limeota miti mizima yenye viota vya ndege. Likikanyaga ghala, ghala linakuwa unga. Likipunga mkono, daraja linakatika kama muwa. Ulimwita Gharika. Nani Kilosa angehitaji kuelezwa zaidi? Sisi ni watu wa bonde la Mkondoa. Tumeona maji yakitembea na nyumba, tumeona reli pale Kidete ikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Tulijua tangu utotoni kwamba kitu kikubwa kinaweza kushuka kutoka juu bila kumuuliza aliye chini anaitwa nani.

Karibu na mwisho, kabla msichana shujaa hajamvunja kwa pembe yake ya nuru, Gharika husimama ukingoni mwa kijiji na kukitazama. Hapo ndipo ulipoongeza sauti ya spika. Ulisema, kwa sauti ambayo hukuwahi kuitumia mahali pengine popote, si sokoni, si msikitini, si nyumbani kwetu ulipokuja kula: "Hapa palikuwa pangu. Aliyepachukua alikuja mchana, na nyote mlikuwa mnatazama."

Kisha pembe ikapulizwa, zimwi likaporomoka kuwa kokoto, na hakuna mtoto aliyeshangilia. Hilo nalikumbuka vizuri mno. Sinema ilitutaka tupige makofi; sauti yako ilitukataza. Tulitoka nje kwenye jua tukiwa tumenyamaza kama watu waliotoka mazikoni, na mimi, mwenye umri wa miaka saba, nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Hasira hiyo nilikwenda nayo chuo kikuu. Nilipanda nayo jukwaani. Wenzangu wengine walianza hotuba zao kwa kunukuu wanafalsafa. Mimi nilianza kwa zimwi la banda la Masanze. Nilipofika kwenye maneno yake nilinyamaza kidogo, nikawaacha watu wamalizie wenyewe, nao walimalizia kwa mngurumo: na nyote mlikuwa mnatazama! Nimeyatumia kutetea wapangaji waliotolewa vyumbani, wanafunzi waliofungiwa matokeo, mama wauza chakula waliohamishwa langoni. Nilijitungia na kaulimbiu yangu, ikaandikwa kwenye fulana: Ukweli hauombi ruhusa. Niliamini kabisa kwamba nimeyajenga haya yote juu ya mwamba.

Mwezi uliopita, Jumamosi mchana, mwenzangu wa chumba aliipata sinema ile kwenye kompyuta yake. Nilikuwa nimewasimulia mno hata ikawa lazima waione. Tukabanana watu watano kitandani. Nilikuwa sijaiona tangu banda lako lilipofungwa, na sikuwahi kuisikia kwa sauti yake yenyewe. Gharika aliposimama ukingoni mwa kijiji, niliwanyamazisha wote kwa mkono. Akafungua mdomo. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, hata mtoto wa darasa la tano angekielewa. Alisema: sina sababu; kikisimama, nakiangusha. Kisha akacheka.

Basi. Hakuna zaidi. Nikairudisha nyuma, nikaisikiliza tena, nikairudisha.

"Mheshimiwa," akasema mwenzangu wa chumba, "mbona mzee wako leo kaisahau hotuba?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ningefanya nini? Lakini ndani, Baba Mdogo, nilikuwa kama mtu aliyeegemea ukuta kwa miaka kumi na mitano, akageuka, akakuta ni pazia.

Nilikutetea kwanza kwa ujinga. Nilijiambia: aliishia darasa la saba, Kiingereza hakukijua, alisoma picha tu, akaona uso wa huzuni mahali ambapo mchoraji aliweka uso wa ukatili. Utetezi huo ulidumu nusu saa. Ukifikiri vizuri, si utetezi. Unakufanya mjinga ili mimi nibaki mwerevu. Kisha nikakushitaki kwa uongo. Ulichukua kiumbe asiye na kisa, ukampa kisa, ukatuachia watoto wa watu tumlilie. Je, hilo si ndilo wanalofanya wenye nguvu kila siku, kumpa mvunjaji maneno mazuri? Na mimi niliyatembeza maneno hayo nchi nzima kama ukweli. Nilishindwa kulala vizuri, si kwa sababu ya sinema, ila kwa sababu sikujua tena hasira yangu ni ya nani.

Likizo ilipofika nilishuka kwenye treni Kilosa, nikapanda bodaboda mpaka Masanze. Nilikuwa nimeitwa. Vijana wa kijiji walinipigia simu kwamba kuna mkutano Jumamosi kuhusu njia ya ng'ombe, ile inayokatiza katikati ya mashamba kwenda mtoni. Wakulima wengi wanataka ifungwe, na ikifungwa, familia za wafugaji zilizo upande wa juu hazina pa kunyweshea, zitahama. Mojawapo ni ya Kabula. Kabula wa benchi letu, Baba Mdogo, sasa ni mama Shija, ana watoto wawili, na asubuhi hupeleka maziwa Mikumi kwa wenye migahawa. Vijana walitaka mimi niseme. Mkulima mtoto wa mkulima, msomi, mwenye mdomo: nani angefaa zaidi kuwatetea wafugaji? Nami, pamoja na kuchanganyikiwa kwangu kote, nilikuwa nimeshaamua nitatumia maneno ya Gharika. Nilijihalalishia kwamba yakiwa ya uongo kwenye sinema, yanaweza kuwa ya kweli Masanze.

Nilimkuta Kabula anapepeta mchele mbele ya nyumba yake. Hakuacha kupepeta.

"Karibu, Bi Mkutano," akaniambia. "Umekuja kututetea, au umekuja kutuonyesha fulana?"

Tulicheka, akanipa kigoda, akanipa maziwa ya mgando. Nikamweleza habari ya sinema, kwamba Gharika wa kweli hana sababu, kwamba ulitudanganya. Nilitegemea ashangae kama nilivyoshangaa mimi. Akasema kwa utulivu kwamba hata yeye anajua, kwa sababu mwanzoni ndivyo ulivyokuwa ukimsemea. Ulipoileta sinema mara ya kwanza kutoka Mikumi, Gharika wako alisema hivyo hivyo: sina sababu, mimi naangusha tu. Watoto waliogopa hadi wakakanyagana mlangoni. Hotuba ilikuja baadaye.

Kwa hiyo ulijua. Utetezi wangu wa kwanza ulifia pale pale kwenye kigoda.

Nikamuuliza hiyo baadaye ilikuwa lini. Akanitazama kama mtu anayekadiria mzigo na bega la kuubeba.

"Hukumbuki kweli, au unataka nikusemee?"

"Nikumbuke nini?"

"Siku uliyosimama kwenye benchi."

Siku hiyo ninaikumbuka, nikamwambia kwa furaha. Nani asiyeijua? Wanafunzi wenzangu wote wanaijua. Jenereta lilizimika katikati ya sinema, wewe ukatoka kwenda kutia mafuta, watoto wakaanza kelele, na mimi nikapanda kwenye benchi nikawahutubia, wakanisikiliza, wakaitikia kwa sauti moja. Wewe uliporudi ulinishika kwapani ukanishusha taratibu, ukanitazama sana. Nimelisimulia jambo hilo kwenye kila kampeni kama siku niliyopata sauti, na mtazamo wako kama baraka.

Kabula alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka ungo chini. Ana kovu juu ya mdomo, upande wa kushoto, unalijua. Akaligusa.

"Na hili?"

"Ulipigwa teke na ndama."

"Mama yangu ndiye niliyemwambia ndama," akasema. "Wewe hukuwahi kuniuliza."

Kisha akanieleza, bila haraka na bila kupandisha sauti, akiokota mawe kwenye mchele. Wiki ile ng'ombe wa baba yake walikuwa wameingia kwenye mahindi ya baba yangu. Hilo ninalikumbuka: mabua yamelala, mama amekaa kwenye tuta na kanga mdomoni. Jenereta lilipozimika, mimi nilipanda kwenye benchi nikamnyooshea kidole Kabula gizani. Nilisema Gharika tunayemwona humu ni wa uongo, wa kweli ni baba wa yule pale, na watoto wake tunakaa nao benchi moja. Nikawafundisha na kiitikio. Mimi nilisema "Gharika kaja," wao wakajibu "ficha mahindi." Gharika kaja, ficha mahindi. Banda zima. Kabula alikimbilia mlangoni, akajikwaa kwenye ubao wa kizingiti, mdomo ukapasukia kwenye bati.

Wewe ndiye uliyemwinua. Ulimwosha damu, ukamsindikiza hadi karibu na zizi lao. Alikuomba usiseme, kwa sababu baba yake na kaka zake wangeshuka na fimbo, na wa kwetu wangetoka na mapanga. Alikuwa na miaka minane. Mtoto wa miaka minane, na damu kinywani, alikaa akahesabu nani atamuua nani, akachagua ndama. Na wewe ulikubali.

Nilimuuliza kama ni yeye aliyekupa yale maneno ya Gharika. Nadhani nilitaka yawe yake. Ingekuwa na mpangilio mzuri, na mimi napenda mpangilio. Akacheka. "Mimi nilikuwa hata kutema mate siwezi, nitunge hotuba?" Ila njiani, akasema, ulikuwa ukizungumza, si naye hasa, ukizungumza tu kama mtu anayetembea peke yake. Neno moja lilimkaa.

"Alisema yule mtoto wa kaka ana mdomo. Kwa haya maneno aliyonayo, kuna siku ataua mtu. Lazima apewe mengine."

Baba Mdogo. Nimehutubia maelfu, na sijawahi kusikia sentensi iliyonipata barabara kama hiyo. Kwa hiyo Gharika alipewa mdomo kwa ajili ya mdomo wangu! Hukumtetea zimwi, wala hukumliwaza Kabula. Ulikuwa unanitibu mimi, kwa dawa iliyofichwa ndani ya chakula, nami niliimeza nikadhani ni utamu.

Lakini dawa ilifanya kazi? Muhula uliopita palikuwa na karani mmoja chuoni aliyechelewesha fomu za wanafunzi. Nilimsimamisha mbele ya umati kwa maneno yangu, yeye akiwa dirishani pake, nikampa jina ambalo sitaliandika, nao wakaliitikia. Wiki iliyofuata hakuja kazini. Iliyofuata pia. Tulisherehekea. Sikumbuki hata kama fomu alizichelewesha yeye au waliomtuma. Na mimi sikuikumbuka siku ya benchi. Nilikumbuka makofi, nikasahau aliyekuwa mlangoni. Nani mwingine nimemsahau? Nikilitazama lile tukio sasa naliona kama Kabula anavyolisema, lakini sijui kama nimelikumbuka au nimelipokea. Kiitikio ninakisikia kabisa. Sauti yangu siisikii.

Kabla sijaondoka, Kabula alinipa sharti. "Jumamosi usimtaje Gharika."

Nikamwambia nitamtaja kwa kuwatetea wao.

"Ukimtaja, hakuna atakayesikia unachotetea. Watageuka wanitazame mimi."

Nimelitii. Hata kwenye barua hii amekubali nimwite Kabula, ambalo si jina lake, na jina la zimwi nalo si lile ulilolitamka wewe. Lile tumeliacha Masanze, na waliokuwepo wanalijua.

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, nikaketi, nikachukua hindi nikamsaidia. Sikumuuliza habari ya benchi. Nilimuuliza habari ya njia, maana ilinijia kwamba mtu anayemtungia zimwi maneno lazima ayatoe mahali. Aliyepachukua alikuja mchana. Wapi? Nani? Nilimuuliza njia ya ng'ombe ilipita wapi zamani, kabla ya mgogoro.

Kwanza baba alipukuchua hindi zima mpaka likabaki gunzi.

"Ilipita ndani ya shamba letu," akasema. "Yaani shamba letu ndilo lililopita ndani yake. Mwaka tuliolipanua tulivuta kamba ya kupimia wawili, mimi na baba yako mdogo. Mchana kweupe. Watu walipita, wakatusalimu."

Nilimuuliza mahindi yaliyoliwa yalikuwa yamesimama wapi. Akasema: hapo hapo.

Sasa uniambie mwenyewe niamini lipi. Sinema inasema zimwi halina sababu. Kabula anasema ulilipa sababu kwa ajili yangu. Gunzi la baba linasema ulikuwa ukiungama kosa lako mwenyewe, ndani ya banda lako, mbele ya watoto wa uliowanyang'anya njia, kwa sauti ya kiumbe ambacho hakuna atakayekishitaki. Ulikuwa ukinifundisha haki au ulikuwa ukijificha? Mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pumzi moja? Nimesoma vitabu vya kutosha kuandika tasnifu juu ya swali hili, na sijui. Ninaandika neno hilo kwa mara ya kwanza maishani bila kulifuatishia "lakini."

Nilimwambia baba kwamba kesho yake kwenye mkutano ningependa jambo hilo lisemwe, na nikamwomba anikubalie. Aliniangalia kwa jicho ambalo ningelipokea chuoni kwa fahari, kama lingekuwa la mpinzani.

"Si wewe unayesema ukweli hauombi ruhusa?" akaniuliza. "Sasa mbona unaniomba?"

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti aliniita kwa heshima nyingi, binti yetu msomi, na vijana wakaanza makofi kabla sijafika mbele. Baba alikuwa dawati la pili. Kabula alisimama nyuma na wanawake wenzake, mtoto mgongoni, mumewe kando yake na fimbo yake. Niliwaamkia wazee, wakaitikia marahaba. Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Niliwaona watu wakijiweka sawa kusikiliza ngurumo, na nakiri kwako, nilitamani kuwapa. Ilikuwa tamu na iko tayari, ingelilaza darasa zima. Nikasema sentensi tatu. Njia ya ng'ombe ilikuwepo kabla ya shamba letu. Shamba letu liliongezwa juu yake. Walioliongeza ni baba yangu na marehemu baba yangu mdogo. Nikarudi nikaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Kelele zikaanza. Jirani mmoja aliuliza kwa sauti kama nimesomeshwa kwa mahindi au kwa maziwa, na watu wakacheka, na nilistahili. Mwingine akasema marehemu hasemwi. Hilo lilinichoma, kwa maana sijui kama nilikusema au nilikusemea. Baba alisimama polepole. Nilidhani atatoka nje. Akaenda ubaoni, akachukua chaki, akachora mto, akachora shamba, akachora palipokuwa njia, akaandika pembeni, kwa hati aliyojifunza alipokuwa jeshini, idadi ya hatua za upana wake. Halafu akarudi dawatini bila kunitazama.

Njia haikufungwa. Wala haikuthibitishwa, iliundwa kamati ipite na kuangalia, na kamati, unazijua. Nje, Kabula alinipita akiwa na wenzake. Hakusimama.

"Leo umesema kidogo," akaniambia.

Sijui kama nilisifiwa au nilisutwa. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi, au nilipata na sikujua inaombwaje bila umati. Baba hakuzungumza nami njiani, wala wakati wa kula.

Asubuhi alinigongea mlango mapema. Alikuwa na jembe, vigingi vinne, na kamba ya katani begani. Tulikwenda shambani. Akapigilia kigingi cha kwanza pale aliposema mpaka wa zamani ulikuwa, kisha akanitupia ncha ya pili ya kamba, akanionyesha kwa kidevu upande wa mtoni.

"Shika kule," akasema. "Alikuwa anashika baba yako mdogo."

Nikaenda nikashika. Nilisimama hapo, Baba Mdogo, kamba imekazwa, jua linapanda, baba ameinama mbali akihesabu, na mimi miguuni sijui kama ninakanyaga ulipokosea au ninakurekebisha. Mkono ulikuwa unaniuma. Sikulegeza.

Lala salama huko uliko, na kama huko mtu huruhusiwa kujibu, mjibu baba kwanza. Amengoja zamu yake muda mrefu kuliko mimi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, mwenye mdomo.